Kidau cha chumvi cha Lily Briscoe

Kila ninapofundisha To the Lighthouse, riwaya ya Virginia Woolf iliyotoka mwaka 1927, wanafunzi huanza na swali lilelile: mbona wanawake hawa hawafanyi kitu? Wengi wao wametoka kusoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ambamo Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na athari ya kipigo kile inamfuata Rosa mpaka kaburini. Pale mfumo dume una mkono, nao unaonekana. Kwa Woolf hakuna anayepigwa. Kuna familia ya Kiingereza yenye watoto wanane, iko mapumzikoni kwenye kisiwa cha Skye, Uskoti. Baba ni mwanafalsafa. Mama ni mrembo na mkarimu. Wageni wanakula chakula cha usiku, wanazungumza, wanakwenda kulala.

Mimi huwaambia watazame chumvi.

Mezani ameketi Charles Tansley, kijana msomi ambaye ameshasema kwamba wanawake hawawezi kuchora wala kuandika. Mbele yake ameketi Lily Briscoe, mchoraji, miaka 33, hajaolewa. Tansley anaona haya na anatamani mtu ampe nafasi ya kujieleza. Lily anaiona haja hiyo waziwazi, kama mifupa kwenye picha ya eksirei. Anaijua pia ada ya mezani: mwanamume akikwama, mwanamke humwokoa. Anajiuliza, itakuwaje nikinyamaza? Kisha ananyamaza kweli.

Jaribio hilo halidumu. Mama wa nyumba, Bi Ramsay, anamtupia jicho la kumsihi, na Lily anasalimu amri: anamwuliza Tansley kwa upole kama atampeleka kwenye mnara wa taa. Kijana anapumua. Lily anajua kwamba amelipa kwa ukweli wake. Lakini katikati ya kero hiyo amegundua kasoro ya mchoro wake, kwamba ule mti unapaswa kusogezwa katikati zaidi, na ili asisahau anakichukua kidau cha chumvi na kukiweka juu ya ua lililofumwa kwenye kitambaa cha meza. Baadaye, wenzake wanapozungumzia uchumba, anakiona tena kidau kile na moyo unatulia: si lazima aolewe, ana mti wa kusogeza.

Hapo ndipo ninapoona umuhimu wa usasa, mtindo mpya wa uandishi wa Woolf na wenzake, kwa suala hili la dhuluma dhidi ya wanawake. Msimulizi wa mtindo wa zamani angetuletea lile swali la adabu tu, nasi tungemkumbuka Lily kama binti mpole. Woolf anaingiza usimulizi vichwani mwa watu na kuuhamisha kutoka kichwa hadi kichwa mezani palepale, hivyo tunasikia lililosemwa pamoja na lililomezwa. Dhuluma isiyoacha alama mwilini inapata pa kuandikwa.

Woolf aliijua nyumbani. Mama yake, Julia, alifariki mwaka 1895, Virginia akiwa na miaka 13, na baba yake, Leslie Stephen, akawageukia mabinti kutaka faraja. Kaka zake walipelekwa Cambridge, yeye hakupelekwa. Nchi yenyewe iliwapa wanawake haki ya kupiga kura mwaka 1918, tena wenye miaka 30 na kuendelea. Usawa na wanaume ulikuja 1928, mwaka mmoja baada ya riwaya hii.

Bi Ramsay ananisumbua zaidi kuliko Lily. Mumewe humjia kuomba ahakikishiwe kwamba hajashindwa maishani, naye humimina faraja mpaka anabaki na nguvu za kusogeza kidole tu kwenye ukurasa wa hadithi anayomsomea mwanawe. Usiku, mume anataka kusikia neno moja: nakupenda. Halisemi. Anamgeukia, anatabasamu, anamwambia kwamba alisema kweli, kesho itanyesha. Mume anaelewa, na mke anahisi ameshinda. Ameshinda nini? Amempa mumewe ule ubishi wa mchana kutwa, kama mvua itawazuia kwenda kwenye mnara wa taa kesho, akabaki na neno lake. Nilipokuwa kijana niliuita huo ushindi wa mnyonge. Sasa nauona kama mpaka mdogo uliolindwa kwa akili nyingi, na bado unaniuma, kwa sababu kifo chake tunakisikia ndani ya mabano, katika sentensi ambayo kiima chake ni mume anayenyosha mikono gizani.

Miaka kumi baadaye Bwana Ramsay, sasa mgane, anamwendea Lily kutaka huruma ileile. Kujihurumia kwake kunatuama miguuni mwa Lily kama madimbwi, naye anavuta sketi isilowe. Kisha anasifia viatu vyake: viatu vizuri namna gani! Mzee anafurahi na kumwonyesha jinsi ya kufunga kamba, mara tatu. Ni hapo tu, baada ya kukataa kukamuliwa, ndipo huruma ya kweli inapomjia Lily. Sijui ukurasa mwingine unaotenganisha vizuri hivyo huruma inayotozwa na huruma inayotolewa.

Lakini kuna mahali ambapo mimi na Woolf tunagombana. Ile nyama iliyosifiwa mezani ilimchukua mpishi Mildred siku tatu, na sifa zikamwendea Bi Ramsay. Nyumba ilipoachwa ikaanza kuoza, ni Bi McNab, kikongwe aliyechoka, aliyepanda ngazi na ndoo yake, akisugua na kuimba wimbo wa zamani. Lily anapewa kurasa nyingi za kuwaza kabla ya kuchora ule mstari wa mwisho katikati ya turubai. Bi McNab anapewa chache, na wimbo wenyewe maneno yake yameshapotea. Mwaka huu nimewaambia wanafunzi waanzie kwake.