Toleo la mfumo endeshi: maana yake, na lipi liwekwe kwenye kompyuta ya nyumbani

Kwenye vibanda vya mafundi wa kompyuta pale Mwanga, Kigoma, ombi linalosikika sana ni hili: "Fundi, nipigie Windows mpya." Ukiuliza mpya ipi, wengi watasema kumi na moja, kwa kuwa ndiyo namba kubwa. Lakini kabla ya flashi kuchomekwa kuna mambo mawili ya kuangalia: mtengenezaji wake, Microsoft, ataendelea kulihudumia toleo hilo hadi lini, na mashine yako inaweza kulibeba?

Mfumo endeshi ndio programu kuu inayoiendesha kompyuta na kubeba programu nyingine zote. Tunaposema toleo lake, huwa tunachanganya vitu vitatu. Kuna kizazi: Windows 7 ya mwaka 2009, Windows 10 ya 2015, Windows 11 ya 2021. Kuna daraja ndani ya kizazi, kama Home na Pro. Na kuna sasisho kubwa linalotoka ndani ya kizazi hichohicho, mfano 22H2 au 24H2, ambapo tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka na H2 ni nusu yake ya pili. Kujua ya kwako, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter.

Kila kizazi kina tarehe ya mwisho wa kuhudumiwa. Ya Windows 7 ilikuwa 14 Januari 2020, na ya Windows 10 ilikuwa 14 Oktoba 2025. Siku hiyo ikipita kompyuta haizimiki. Inawaka kama kawaida, na ndiyo maana watu hawaoni hatari. Kinachokoma ni viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu ambayo wahalifu wangepitia, ambavyo Microsoft hutoa kila mwezi. Windows 10 na 11 zina sehemu nyingi za ndani zinazofanana, kwa hiyo tundu likizibwa kwenye 11, wahalifu hukichunguza kile kiraka ili wajue tundu lilikuwa wapi, kisha hulitafuta kwenye 10 ambako halijazibwa. Ni sawa na jirani kubadilisha kufuli wakati wewe unabaki na lile ambalo wezi wameshapata ufunguo wake. Kwetu flashi huzunguka, pengine na virusi, kutoka duka la steshenari hadi shule hadi nyumbani, kwa hiyo hata asiyeingia mtandaoni mara kwa mara hayuko salama.

Baadaye programu nyingine nazo hufuata. Kwa kivinjari cha Chrome, toleo la 109 ndilo la mwisho kufanya kazi kwenye Windows 7 na 8.1, tangu mapema 2023 matoleo mapya ya Chrome hayaingii huko. Mwanafunzi anayeshindwa kufungua tovuti fulani kwenye kompyuta ya nyumbani mara nyingi tatizo lake ni hilo, na bando hulaumiwa bure. Aliye na Windows 10 ya 22H2 anaweza kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa Microsoft unaompa viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Huo ni muda wa kujipanga tu.

Sasa mashine yenyewe. Windows 11 inataka RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na nafasi ya diski ya GB 64 kwa uchache, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Hilo la prosesa ndilo linalozikwamisha laptopu nyingi za mtumba. Prosesa nazo zina vizazi vyake, na namba ya prosesa ya Intel isome hivi: i5-6200U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Kwa Intel, orodha kwa jumla huanzia kizazi cha 8. HP EliteBook 840 G3, laptopu nzuri na ngumu, ni ya kizazi cha 6, hivyo haimo. Ukiwa bado unanunua, mwombe muuzaji akuonyeshe namba hiyo kabla hujatoa pesa, maana neno "i5" peke yake halitoshi. Na kwa maoni yangu GB 4 za RAM ni mateso. Weka 8, na diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka.

Mafundi wanaweza kuukwepa ukaguzi na kuipiga 11 kwenye mashine isiyokubalika. Itawaka, ila Microsoft haiahidi kuipa masasisho, na masasisho ndiyo yaliyokufanya uhame. Kwa kompyuta pekee ya familia sishauri hata kidogo. Napenda zaidi Linux Mint 22, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, ambayo ni ya bure, haina leseni ya kununua wala kuiba, na itahudumiwa hadi 2029. Unaweza kuijaribu ukiiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Barua, hesabu za duka na masomo ya watoto hufanyika kwa LibreOffice, programu za ofisi za bure. Jaribu printa yako mapema, na kama kazi yako inategemea programu ya Windows pekee, hakikisha kwanza.

Kuhusu daraja, Home inatosha nyumbani. Pro huongeza mambo ya ofisi, kama kuiunganisha kompyuta na mtandao wa kampuni au kuiendesha ukiwa mbali. Windows 10 Home yenye leseni halali hupanda kuwa 11 Home bila malipo, mradi mashine inakubalika.

Kabla ya kupandisha, nakili picha, vyeti na hati zote kwenye diski ya nje. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, kwa hiyo kama bando ni dogo, mwambie fundi aliyelipakua kutoka tovuti ya Microsoft akuwekee kwenye flashi. Laptopu iwe imejaa chaji na imechomekwa. Ya mezani iwe kwenye UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi mfumo unaweza kugoma kuwaka, na hapo utaanza upya.