Si kila hekalu la Murugan liko mlimani

Wengi wanaopanga kuzuru mahekalu ya kale ya Murugan, mungu shujaa wa Watamil mwenye mkuki uitwao vel, huamini kwamba yote yamejengwa juu ya milima. Imani hiyo ina chanzo chake: Palani, hekalu lake mashuhuri kuliko yote, liko kilimani, na mahujaji hupanda mamia ya ngazi kulifikia, wengi wao pekupeku.

Lakini kati ya makao yake sita matakatifu kusini mwa India, Tiruchendur liko ufukweni kabisa. Inasimuliwa kuwa hapo ndipo alipomshinda Surapadman, mfalme wa mashetani. Mahujaji huoga kwanza baharini, kisha huenda kwenye kisima cha Nazhi Kinaru, ambacho maji yake ni baridi, wala hayana chumvi, ingawa mawimbi yako hatua chache tu. Usikikose kisima hicho. Swamimalai nalo limeinuka juu ya kilima kilichojengwa na watu, lenye ngazi 60, moja kwa kila mwaka wa mzunguko wa kalenda ya Kitamil.

Ushahidi mzito zaidi uko Saluvankuppam, karibu na mji wa Mahabalipuram, katika jimbo la Tamil Nadu. Tsunami ya Desemba 2004 ilifukua miamba yenye maandishi, na wanaakiolojia walipochimba wakakuta hekalu la Murugan la matofali, miongoni mwa ya kale kabisa jimboni humo, pamoja na vel ya jiwe. Nalo pia liko pwani.