Socio si kila mwenzi

Wanaojifunza Kihispania wengi huamini kwamba socio hufaa kwa mwenzi yeyote. Sivyo. Socio ni mbia wa biashara au mwanachama wa klabu. Ukimtambulisha mkeo hivyo, wasikilizaji wataelewa kuwa mna kampuni pamoja.

Mwenzi wa maisha ni pareja. Hapa ndipo wengi hukosea: neno hili ni la jinsia ya kike hata kwa mwanamume, kwa hiyo husemwa “la pareja de Ana” (mwenzi wa Ana), kwa kitangulizi cha kike “la”, kamwe si “el pareja”, kwa kile cha kiume. Pia humaanisha wapenzi wawili kwa pamoja.

Novio ni mpenzi au mchumba, na siku ya harusi ndiye bwana harusi. Compañero, yaani mwenzi wa shughuli fulani, liongezee maelezo: de trabajo, wa kazini, de clase, wa darasani. Kwenye fomu, cónyuge ni aliyefunga ndoa tu.