Je, wajua kwa nini kamari na dawa za kulevya humnasa kijana upesi kuliko mtu mzima?

Muulize kijana wa miaka 16, akiwa ametulia na hana haraka, kama sigara inaua au kama kampuni ya kamari hufunga mwaka kwa hasara. Atakujibu vizuri tu. Katika majaribio ya kufikiri kwa utulivu, vijana wa umri huo hupima hatari karibu sawasawa na watu wazima. Kwa hiyo maelezo yaliyozoeleka, kwamba vijana hunaswa kwa sababu hawajui, hayatoshi. Wanajua. Jambo lenyewe liko kwenye ratiba ya ukuaji wa ubongo: sehemu inayotamani huchangamka mapema, sehemu inayozuia huchelewa kwa miaka, na katikati ya pengo hilo ubongo uko katika kipindi chake kikali cha kujifunza. Uraibu, ukiuchunguza kwa undani, ni aina ya kujifunza.

Ubongo hukomaa kutoka nyuma kuja mbele

Kwa ukubwa, ubongo wa mtoto wa miaka 6 umeshafikia takriban asilimia 90 ya ubongo wa mtu mzima. Kazi inayoendelea baada ya hapo ni ya kupanga upya, nayo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni kupogoa: viunganisho kati ya seli za neva vinavyotumika sana huimarishwa, visivyotumika huondolewa. Ya pili ni kuzivika nyuzi za neva utando wa mafuta uitwao mayelini, ambao huufanya ujumbe usafiri kwa kasi kubwa zaidi kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine.

Kazi hiyo haifanyiki kila mahali kwa wakati mmoja. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 13 waliopigwa picha za ubongo kila baada ya miaka 2, kwa miaka 8 hadi 10. Sehemu za hisia na za kuendesha viungo zilikomaa kwanza. Gamba la mbele, lililoko nyuma ya paji la uso, lilikuwa miongoni mwa sehemu za mwisho. Gamba hilo ndilo hupima matokeo ya mbali na kukizuia kitendo ambacho mkono umeshaanza kukifanya. Huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya 20. Umri wa miaka 25 unaotajwa sana usichukuliwe kama mlango unaofunguka siku ya kuzaliwa; watu hutofautiana.

Ndani zaidi, chini ya gamba hilo, kuna kiini kidogo kiitwacho nukliasi akumbensi. Ni sehemu ya mfumo wa tuzo, na kemikali ya ubongo iitwayo dopamini humiminwa hapo. Mfumo huu huchangamka kuanzia balehe. Katika majaribio mengi ya picha za ubongo, kijana akipata tuzo kiini hiki huwaka kuliko cha mtoto na kuliko cha mtu mzima, huku gamba lake la mbele likiwa bado linajengwa.

Pengo hilo hupanuka zaidi marafiki wakiwepo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, watu wa umri mbalimbali walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Wakiwa peke yao, vijana wa miaka 13 hadi 16 hawakutofautiana sana na watu wazima. Wenzao walipowatazama, walihatarisha zaidi kwa kiwango kikubwa, ilhali watu wazima hawakubadilika. Baadaye picha za ubongo zilionyesha kwamba kutazamwa na wenzao peke yake kuliuamsha mfumo wa tuzo wa vijana. Sigara ya kwanza, bia ya kwanza na dau la kwanza kwa kawaida huja katika mazingira hayo hayo.

Dopamini hufundisha

Dopamini imepewa jina la kemikali ya raha, na jina hilo linapotosha. Mtafiti Wolfram Schultz na wenzake walirekodi seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa juisi. Juisi ilipokuja bila kutarajiwa, seli zilifyatuka. Nyani alipojifunza kwamba taa hutangulia juisi, mfyatuko ulihamia kwenye taa, na juisi yenyewe haikusisimua tena. Taa ikiwaka na juisi isije, seli zilinyamaza chini ya kiwango cha kawaida. Kwa maneno mengine, dopamini hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, kisha huuandikia ubongo kitu cha kukumbuka: hili lina thamani, lifuate, na ishara zake ni hizi.

Methali ya samaki mkunje angali mbichi ina upande wake wa pili. Ubichi unaomwezesha kijana kushika lugha, ala ya muziki au ufundi kwa kasi ndio unaomwezesha kushika uraibu. Ubongo unapogoa kwa kufuata kinachotumika. Kinachorudiwa kila siku katika umri huo huchorwa ndani kabisa, kiwe ni hesabu au kiwe ni nikotini.

Kamari hupenya bila kemikali yoyote

Hapa ndipo wengi hushangaa. Mchezo wa bahati hauingizi kitu mwilini, utawezaje kufanana na heroini? Jibu liko katika kutokuwa na uhakika. Mwaka 2003 kundi hilo la Schultz lilionyesha jambo zito: nyani alipokuwa akisubiri tuzo, shughuli ya dopamini ilipanda taratibu, na ilifikia kilele pale uwezekano wa kupata ulipokuwa nusu kwa nusu. Alipojua kwa hakika atapata, au kwa hakika hatapata, haikupanda hivyo. Hali ya kungoja bila kujua ndiyo yenyewe msisimko, na kamari ni biashara ya kuuza hali hiyo.

Kisha kuna kukosa kidogo. Chukua mkeka wa mechi 10, kila moja ikiwa na uwezekano wa asilimia 70 wa kutokea kama ulivyobashiri. Kila mechi ikitazamwa peke yake inaonekana salama. Lakini ili mkeka utoke lazima zote zitokee: 0.7 mara yenyewe mara 10, sawa na chini ya asilimia 3. Sasa piga hesabu ya kupata 9 na kukosa moja: ni takriban asilimia 12. Maana yake, kwa kila mkeka unaotoka, kuna zaidi ya mikeka 4 inayochanwa na mechi moja tu. Mchezaji husema, "Nilikaribia, kesho nitapata," na hesabu inamwambia kwamba "kukaribia" ndivyo mchezo ulivyo. Utafiti wa mwaka 2009 kuhusu mashine za kamari uligundua kwamba kukosa kidogo huudhi kuliko kukosa kabisa, lakini huongeza hamu ya kucheza tena, na huamsha sehemu zile zile za ubongo zinazoamshwa na ushindi. Kijana mwenye mfumo wa tuzo ulio moto na breki zisizokomaa hupokea ujumbe huo kwa nguvu zaidi.

Mashine na programu za simu zina mbinu nyingine inayostahili kusemwa wazi. Mtu ameweka 10, amerudishiwa 4, na skrini inawaka taa na kupiga muziki wa ushindi. Amepoteza 6, ila ubongo wake umefundishwa kwamba ameshinda. Ongeza kasi: bahati nasibu ya kila wiki humpa mtu matokeo mara moja kwa siku 7, mchezo wa simu unaweza kumpa matokeo kila baada ya sekunde chache. Kadiri mzunguko wa dau na jibu unavyofupika, ndivyo somo linavyorudiwa mara nyingi.

Ushahidi mkubwa kwamba dopamini na kamari vinahusiana ulitoka mahali pasipotarajiwa. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, watu wazima wenye busara zao na wasiowahi kucheza kamari, walianza kubeti bila kujizuia baada ya kupewa dawa zinazoiga dopamini. Kwa wengi wao, dozi ilipopunguzwa au dawa kubadilishwa, tabia ilitulia. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, uliihamishia kamari kwenye kundi moja na pombe na dawa za kulevya.

Na dawa zenyewe?

Kila dawa hugusa mahali pake. Nikotini ya sigara hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na kasi hiyo huunganisha kitendo na tuzo kwa uthabiti. Nchini Marekani, karibu watu wazima 9 kati ya 10 wanaovuta kila siku walijaribu sigara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 18.

Pombe ina hila yake. Utafiti kwa panya umeonyesha kwamba panya wa umri wa balehe hawapatwi upesi na usingizi na kuyumba kunakomwambia mkubwa aache kunywa, ilhali kumbukumbu zao huathirika zaidi. Kijana anayejisifu kwamba "pombe haimuwezi" huenda anaeleza ukosefu wa king'ora. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 ulikuta kwamba takriban asilimia 40 ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuja kuwa waraibu wa pombe wakati fulani maishani, ikilinganishwa na takriban asilimia 10 ya walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi. Takwimu hiyo isisomwe kupita kiasi: wengi wanaoanza mapema tayari wana matatizo nyumbani au urithi unaowasukuma. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza.

Bangi hugusa kazi ya ujenzi yenyewe. Ubongo hutengeneza kemikali zake zinazofanana na kiini cha bangi, nazo husaidia kuongoza upogoaji wa viunganisho. Kuvuta kila siku katika umri huo ni kumletea fundi maagizo yasiyo yake. Kwa kijana ambaye familia yake ina historia ya kuchanganyikiwa akili, hatari ni kubwa zaidi, hasa kwa bangi kali.

Mbona wengi hujaribu na hawanaswi?

Ni kweli, wengi hawanaswi. Tafiti za mapacha hukadiria kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika kupata uraibu hutokana na urithi. Nusu nyingine ni maisha: kiwewe cha utotoni, huzuni isiyotibiwa, tatizo la kukosa umakini na utulivu, marafiki, na urahisi wa kupata kitu chenyewe. Ukweli kwamba binamu yake alivuta akaacha haumhakikishii kijana chochote.

Cha kufanya, na kinachoharibika

Kwa kuwa tatizo haliko kwenye maarifa pekee, mihadhara ya kutisha hufanya kazi kidogo. Kinachofanya kazi ni kuchelewesha na kuweka vizuizi nje ya kichwa cha kijana wakati breki za ndani zinajengwa. Iceland ilifanya hivyo kitaifa: wazazi walikubaliana kuhusu saa za watoto kuwa nyumbani usiku, michezo na sanaa vikapewa fedha, matangazo na mauzo yakabanwa. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa katika siku 30 zilizotangulia. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 5.

Nyumbani, anza na simu na usingizi. Saa ya mwili ya kijana huchelewa, hachoki mapema, na gamba la mbele lisilolala vya kutosha huzuia kwa shida. Simu ilale nje ya chumba chake. Akaunti ya fedha yenye kikomo cha siku husaidia kuliko ahadi.

Kwa kamari, DSM-5 ina dalili 9, na 4 ndani ya miezi 12 zinatosha kumpeleka kwa mtaalamu. Zinazojitokeza wazi kwa kijana ni kuongeza dau ili apate msisimko ule ule, kufukuzia hasara (kucheza tena ili arudishe alichopoteza), kuficha na kuongopa, kuwa mkali akizuiwa, na kutegemea wengine walipe madeni yake. Kosa la kawaida la wazazi wenye huruma ni kumkabidhi fedha taslimu ili alipe deni. Fedha hizo mara nyingi huwa dau. Mlipe anayedai moja kwa moja, na mkubaliane kuhusu usimamizi wa fedha zake.

Usimfungie ndani kijana anayekunywa sana kila siku au anayetumia vidonge vya usingizi ili "aache leo". Arosto, yaani mateso ya mwili baada ya kuacha ghafla, ya pombe na ya vidonge hivyo inaweza kuleta degedege na kuua, inahitaji daktari. Kwa heroini hatari kubwa huja baada ya kuacha: uvumilivu wa mwili hushuka, na akirudia kipimo chake cha zamani pumzi inaweza kusimama.

Ubongo hujirekebisha. Kwa wavutaji bangi wa kila siku, vipokezi vilivyopungua (sehemu za seli zinazopokea kemikali ya bangi) vilionekana kurudi karibu na kawaida katika sehemu nyingi za ubongo baada ya takriban wiki 4 bila kuvuta. Kinachochelewa kufutika ni zile ishara, taa ya yule nyani: mlio wa ujumbe wa ofa, kona fulani, saa ya mechi, rafiki fulani. Kijana aliyekaa miezi 3 bila kubeti anaweza kubanwa na hamu kwa sababu ya ujumbe mmoja, na hamu hiyo mara nyingi hupanda kisha ikashuka ndani ya nusu saa kama hakuiitikia. Ndiyo maana kubadili namba ya simu, kuzuia jumbe hizo, kuomba akaunti ifungwe na kuwa na mtu wa kumpigia katika nusu saa hiyo vinafanya kazi ambayo gamba lake la mbele bado haliwezi kuifanya peke yake.