Asha yupi? Jina la herufi nne na maana zake zisizojuana

Kwenye hii kazi yangu ya kuchambua majina ya watu, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni "Asha maana yake nini?", na anayeuliza anataka jibu la neno moja. Ukisachi intaneti utakuta maneno matatu yamepangwa mstari mmoja, maisha, tumaini, ukweli, kana kwamba ni jina moja lenye maana tatu na wewe unachagua unayoipenda. Hapana jamani. Kuna Asha wa Kiarabu, kuna Asha wa Kisanskriti, kuna asha ya Waajemi wa kale na kuna Asha wa Kiyoruba, na hawa wanne hawana undugu wowote, wamekutana njiani tu wamevaa sare.

Tuanze na huyu tunayemjua zaidi, Asha wa Kiswahili, ambaye ni Aisha. Kwa Kiarabu anaandikwa عائشة, herufi tano, ya kwanza ni ayn ile inayotokea kooni, na katikati kuna hamza, yaani pumzi inakatwa kidogo kabla sauti haijaendelea. Kiswahili hakina ayn wala hamza, kwahiyo jina lilipoingia midomoni mwa Waswahili hizo sauti mbili zikadondoka, vokali zikasogeleana, tukabaki na Aisha, Esha na Asha, na ukiweka lile neno la heshima la zamani la mabibi wa pwani, Mwana, kama kwenye Mwana Kupona, unapata Mwanaisha na Mwanaasha. Maana yake ni anayeishi, mwanamke aliye hai. Sasa hapa kuna kitu ambacho mimi kila nikikifundisha nafurahi upya: "ishi" na "maisha", haya maneno tunayoyatumia kutwa nzima, yametoka kwenye mzizi huohuo wa Kiarabu. Ukisema "Asha anaishi maisha marefu" umetaja mzizi mmoja mara tatu kwenye sentensi ya maneno manne. Wamisri wao wameupeleka mbali zaidi, mkate wanauita esh, neno hilohilo la uhai. Ila tuwe waangalifu, swala ya isha haimo humu, ile ina mzizi wake mwingine, na "isha" ya chakula kimekwisha ni Kibantu chetu kabisa, kwahiyo wale wanaosema Aisha linahusiana na mwisho wa siku au mwisho wa kitu wanababaishwa na masikio.

Jina la namna hii ni dua. Mzazi anamwita mtoto "anayeishi" akimwombea abaki, na kwa Kiarabu hata Yahya linasikika hivyohivyo, "anaishi". Ndo maana mi huwa sipendi kumwambia mtu "Asha maana yake maisha" halafu basi, kwasababu "maisha" ni kitu kimelala tu, wakati Aisha ni mtu anafanya jambo, anaishi, sasa hivi, na anaendelea kuishi.

Kutoka hapo jina limesafiri balaa. Uturuki ni Ayşe, Indonesia ni Aisyah, Pakistan na India utakutana sana na Ayesha, Senegal na Guinea kuna Aïssatou, Wahausa wana A'ishatu. Hiyo "tu" ya mwisho ya Afrika Magharibi watu hudhani ni kiambishi cha lugha za huko, kumbe ni mwisho wa Kiarabu fasaha, ile 'Aishatu inayosomwa kwenye kitabu kwa irabu zote, ambayo kwenye mazungumzo ya kawaida Waarabu wenyewe huimeza. Yaani Aïssatou wa Dakar amebeba kipande cha jina ambacho Aisha wa Cairo hakitamki. Na Waturuki nao wana mtego wao, "ay" kwao ni mwezi, ule wa angani, na majina kama Aysel na Aynur kweli yana huo mwezi ndani, kwahiyo kuna watu wanakuambia Ayşe ni binti wa mwezi. Haimo. Ni Aisha tu kapita Uturuki.

Haya, huyo mmoja. Wa pili ni Asha wa India na Nepal, आशा, vokali zote mbili zinavutwa, aashaa, na hili ni neno la Kisanskriti linalomaanisha tumaini. Liko hai kabisa kwenye lugha za leo, Mhindi akisema ana aashaa kwamba mvua itanyesha hafikirii jina la mtu, anasema tu ana matumaini, na ukibandika nir mbele unapata nirasha, kukata tamaa. Kwahiyo mtoto wa huko anakua akijua maana ya jina lake bila kufundishwa na mtu, tofauti na Asha wa Kiswahili ambaye maana yake imejificha nyuma ya Kiarabu. Na hata ndani ya Kisanskriti chenyewe kuna āśā mbili, nyingine ni upande wa dunia, kama kusema mashariki au magharibi, ila hiyo haijawa ndo maana ya jina kwa wazazi wa leo. Mwimbaji Asha Bhosle aliyezaliwa 1933, ambaye ni mdogo wa mwimbaji Lata Mangeshkar, amelibeba hili jina kwenye maelfu ya nyimbo za filamu, na mwaka 2005 serikali ya India ilipoanzisha mpango wa wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wanaotoka ndani ya vijiji vyao wenyewe, ufupisho wa cheo chao ukatengenezwa usomeke ASHA. Leo ni karibu milioni 1, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likawapa tuzo. Mama mjamzito kijijini akisema "asha anakuja" anamaanisha mhudumu, na wakati huohuo neno lenyewe linasema tumaini linakuja, sijui kama kuna cheo kingine cha kazi kimepewa jina zuri kiasi hiki.

Wa tatu ndo ninayempenda kupita kiasi, nivumilieni hapa. Kwenye Avesta, maandiko matakatifu ya dini ya Zoroasta huko Uajemi wa kale, kuna neno asha. Huwezi kulifasiri kwa neno moja, ni ukweli, ni haki, ni ule mpangilio unaofanya jua lichomoze na mto ufuate njia yake na mtu atimize ahadi. Kinyume chake ni druj, uongo, na maisha yote ya mwanadamu kwa imani hiyo ni kuchagua kati ya hayo mawili. Kuna dua fupi wanayoisoma kila siku, inaitwa Ashem Vohu, ina maneno 12 tu, na kati ya hayo 12 neno asha limo mara tatu, linafungua dua na linaifunga.

Sasa angalia hiyo "sh". Kwenye hati ya Avesta haiandikwi kwa sh ya kawaida, ina herufi yake peke yake, kwasababu zamani hapo palikuwa na r na t. Neno lilikuwa arta. Waajemi wa upande wa magharibi, wale waliojenga ile dola kubwa, walibaki na arta, na ukifungua Biblia ya Kiswahili kitabu cha Ezra utamkuta mfalme Artashasta, sasa hiyo Arta mwanzoni mwa jina lake ndo asha yenyewe, jina lake linasema utawala wake umesimama juu ya ukweli. Na India nako ndugu yake yupo, anaitwa rta kwenye Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, maana yake mpangilio wa ulimwengu. Umeona ilivyo? Asha ya Avesta ndugu yake wa India ni rta, siyo āśā, ingawa āśā ndo inafanana nayo mpaka unadanganyika. Ndo maana sisi tunaofanya hii kazi hatuamini mfanano, tunafuata sauti moja moja imetoka wapi na imegeuka lini. Hata kwenye kalenda ya Iran ya leo asha imejificha, mwezi wa pili unaitwa Ordibehesht, umetokana na Asha Vahishta, asha iliyo bora, na watu wanapanga miadi yao ya mwezi huo bila kuifikiria asha.

Wa nne nitampita haraka. Kiyoruba kinaandika sh kwa s yenye nukta chini, ṣ, na mwimbaji wa Nigeria aliyezaliwa Paris mwaka 1982 anaandika jina lake la jukwaani Aṣa, linatamkwa Asha, maana yake ni mwewe. Ila Kiyoruba ni lugha ya toni, àṣá ikianza chini ikapanda ni mwewe, àṣà ikikaa chini zote mbili ni mila na desturi, kwahiyo ukilisoma vibaya umembadilisha ndege kuwa utamaduni.

Kuna sehemu moja ambapo watatu kati ya hawa wameishi mtaa mmoja, Zanzibar. Waswahili wenye Bi Asha wao, Wahindu waliotoka Gujarati na Kutch ambao Asha kwao ni tumaini, na Waparsi, wafuasi wa Zoroasta, waliokuwa wakiisoma ile dua ya asha kwa lugha ya Avesta. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alitoka kwenye familia ya Kiparsi. Fikiria sauti moja inapita vichochoroni, kwenye nyumba hii inaita mtu, nyumba ya pili inaita mtu lakini kwa maana nyingine kabisa, nyumba ya tatu inaitwa kwenye sala. Hakuna aliyekosea hapo.

Halafu kuna maana ambayo kamusi haiwezi kukupa, maana inayotokana na aliyelibeba jina. Aisha kwa Waislamu wa Sunni ni kwanza kabisa Bibi Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume Muhammad (SAW), Mama wa Waumini, aliyepokelewa kutoka kwake hadithi zaidi ya 2,000. Mzazi anayempa mtoto jina hilo mara nyingi hafikirii hata mzizi wa "kuishi", anamfikiria yeye. Lakini mwaka 656 Bibi Aisha alikuwa upande uliopigana na Ali kwenye vita vya Ngamia karibu na Basra, na kwa Washia kumbukumbu hiyo ni nzito, kwahiyo Iran, nchi yenye Washia wengi, Aisha ni jina nadra. Mzizi uleule, lugha ileile, maana ya kamusi haijabadilika hata chembe, na bado huku jina linaenea na kule linaepukwa. Anayekuambia maana ya jina ni ile ya kamusi tu hajawahi kukaa na familia inayochagua jina la mtoto.

Na majina hayakai kwenye mipaka ya dini wala kabila kama fomu zinavyotaka. Asha-Rose Migiro, Mtanzania aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa 2007 hadi 2012, ana Asha na Rose zimeunganishwa kwa kistari, mzizi wa Kiarabu na ua la Kilatini kwenye mtu mmoja. Mtoto wa baba Mhindu na mama Muislamu akiitwa Asha, halafu mje kuniuliza maana ipi ni sahihi, nitawajibu zote mbili, kwasababu wazazi wawili wamempa majina mawili yanayosikika sawa, na kumlazimisha achague ni kumnyang'anya nusu ya alichopewa.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni upande wa maandishi. Wasomali walipochagua hati ya Kilatini mwaka 1972 waliipa ayn herufi C, uamuzi mzuri tu kwa lugha yao, kwahiyo Asha wao ni Caasha. Mpeleke nchi ambayo C inasomwa k, tayari anaitwa Kaasha kwenye foleni na hageuki kwasababu hajui ni yeye. Siku nyingine karani anaandika kama anavyosikia, Asha, na kwenye cheti kingine inaingia Aisha, na kompyuta inaona watu watatu. Wakati huohuo kompyuta hiyohiyo ikikutana na Asha wa Mumbai na Asha wa Mombasa inasema hawa ni jina moja, na tovuti za majina ya watoto zinasema hivyohivyo. Yaani ndugu wa damu, Caasha, Ayşe, Aïssatou, Asha, wametenganishwa na spelingi, na wasiojuana wameunganishwa nayo. Kilatini kilivyo bila alama za juu na chini kinafuta ayn, kinafuta vokali ndefu, kinafuta nukta ya Kiyoruba na toni zake, kinabakiza a, s, h, a.

Mimi ningepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja kwenye fomu za usajili ningeongeza mstari mmoja tu chini ya jina, mtu aliandike kwa hati anayoandikia nyumbani kwao, na kwa lugha za toni aweke alama zake. Ukiona عائشة umejua, ukiona आशा umejua, ukiona Àṣá umejua. Teknolojia ya kuhifadhi hizo herufi ipo miaka mingi, hata simu ya bei rahisi inaziandika zote, kinachokosekana ni nafasi kwenye karatasi na mtu wa kuiweka.