Akilipa mwenye dawa, utafiti ni uongo?

Barazani Ngamiani, Tanga, kwenye kahawa chungu na kashata, kauli hii haikosi msemaji: utafiti wa dawa ukishalipiwa na kampuni inayoitengeneza, matokeo yake ni ya uongo.

Wasiwasi huo una msingi. Tafiti zinazofadhiliwa na watengenezaji huelekea zaidi kutoa majibu yanayoipendelea dawa yao. Lakini mara nyingi hakuna takwimu iliyopikwa. Dawa mpya inaweza kushindanishwa na ya zamani iliyotolewa kwa dozi ndogo mno. Au majaribio mawili yakafanyika, lililopendeza likachapishwa, jingine likabaki kabatini. Kila namba ni ya kweli, ila picha imepinda.

Mfikirie mshenga anayelipwa na upande mmoja. Huenda anasema kweli tupu, ila utamuuliza maswali zaidi. Huo ndio mgongano wa maslahi. (Na si fedha tu, cheo na sifa pia humvuta mtafiti.)

Unaweza kujikagulia mwenyewe. Teremka hadi mwisho wa ripoti, penye maelezo ya ufadhili na maslahi ya waandishi. Tangu mwaka 2005 majarida makubwa ya tiba yanataka jaribio lisajiliwe kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingizwa, na sajili hizo zipo wazi mtandaoni: linganisha kilichoahidiwa kupimwa na kilichoripotiwa. Ukiombwa kushiriki, tafuta jina la mfadhili kwenye fomu ya ridhaa, kisha muulize anayekusomea: dawa hii inalinganishwa na nini?