Paa linavuja na kodi ya miezi sita umeshalipa: tunayoambiana kila masika na ukweli wake

Masika ya Dar ni Machi mpaka Mei, na Aprili ndo mwezi wenyewe, kwa wastani inanyesha kama milimita 250 ndani ya huo mwezi mmoja tu. Mi nikisikia mvua inaanza kupiga bati usiku nakumbuka vyumba viwili nilivyopanga Tabata. Nilihamia Januari, jua kali, kila kitu kikavu, rangi mpya bado inanukia, nikalipa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali juu yake, halafu Aprili tukawa tunalala kitanda kimesogezwa katikati ya chumba, beseni upande huu ndoo upande ule, mtoto tumemweka kati, na kila baada ya muda mmoja wetu anaamka kumwaga maji. Kilichoniuma zaidi ya maji yenyewe ni kwamba kila mtu alinishauri kwa uhakika kabisa na karibu yote yakawa siyo. Mpaka leo nasikia wapangaji wanaambiana yaleyale.

La kwanza na ndo linalokula hela za watu wengi: "maji yanapodondokea ndo pana tobo." Hapana jamani. Maji yakishapenya kwenye bati mara nyingi hayadondoki palepale, yanatambaa chini ya bati, yanashika mbao ya papi (ile inayopigiliwa bati) au kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) na kuteremka nayo mpaka yakutane na msumari au kiungo ndo yanaachia, yanatua juu ya silingi bodi na hapo napo yanatembea tena kutafuta penye upenyo. Kwahiyo doa unaloliona sebuleni tobo lake linaweza kuwa juu ya chumba cha pili, na mara nyingi linakuwa upande wa juu wa mteremko kuliko lilipo doa. Kwangu fundi alipanda mara tatu, mara zote tatu anapaka lami usawa wa doa, analipwa, anashuka, mvua ikija tunarudi kwenye mabeseni. Fundi wa mwisho alikuwa mzee mmoja mtaratibu sana, yeye hakupanda juu kwanza, aliomba ngazi akafungua kile kimfuniko cha darini akaingia mchana, tukafunga madirisha na kuzima taa, akakaa kimya gizani kidogo macho yazoee. Akauona mwanga. Ulikuwa unaingia kwenye kofia ya paa, kile kipande kinachofunika juu kabisa pande mbili za bati zinapokutana, karibu mita mbili na nusu kutoka kwenye doa, msumari umelegea na kofia imenyanyuka kidogo tu. Kazi yenyewe haikumaliza saa moja.

Kama mwanga hauonekani kuna njia ya mpira wa maji, siku kavu. Mmoja anakaa darini na tochi, mwingine anamwagia paa akianzia chini kabisa, sehemu ndogo ndogo, kila sehemu dakika kadhaa ndo anapanda juu kidogo. Mkianzia juu maji yatalowesha paa lote na hamtajua yameingilia wapi. Na mwambieni fundi aangalie kwanza sehemu hizi: misumari (ule mpira wa chini ya kichwa cha msumari unakaukia juani unapasuka, na msumari unatakiwa upigwe mgongoni mwa bati, uliopigwa bondeni unakaa ndani ya maji kila mvua), kofia, pale bati linapokutana na ukuta, pale mapaa mawili yanapokutana likatokea bonde, na gata lililojaa majani ya mwembe mpaka maji yanarudi nyuma ndani ya nyumba. Wa Kigamboni, Msasani, Kunduchi, huko chumvi ya bahari inakula bati na misumari haraka kuliko huku Kimara, kwahiyo kutu msiichukulie kama uzee wa kawaida tu. Na akitembea juu akanyage kwenye mistari ya misumari ambapo kuna mbao chini, akikanyaga katikati bati linabonyea na amekuongezea sehemu nyingine ya kuvuja.

"Si katone tu, weka beseni." Hesabu kidogo: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 80 likipigwa mvua ya milimita 50, ambayo kwa Aprili ya Dar si ya ajabu, limepokea lita 4,000, yaani matenki manne yale ya lita elfu moja moja, kwa siku moja. Katobo unakokaona kadogo kanapitiwa na sehemu ya maji yote hayo, na yale yasiyofika kwenye beseni lako yamebaki darini yanaozesha papi, papi ikioza msumari hauna pa kushika, upepo ukija bati linapiga kelele, na hapo sasa siyo tobo tena.

Halafu kuna jambo ambalo naliogopa kweli na watu wanalichukulia kawaida, maji yanayoshuka kupitia kwenye taa au kuchuruzika ukutani penye soketi. Nimeshaona mtu ameweka ndoo chini ya taa inayodondosha maji na taa inawaka! Usifanye hivyo hata siku moja. Zima mein swichi kwanza, kwa mkono mkavu, umesimama pakavu, ndo uhangaike na vitu vingine, na umeme usiurudishe mpaka fundi umeme aangalie. Kama mein swichi yenyewe imelowa au umesimama kwenye maji usiiguse kabisa, toka, piga simu TANESCO. Na hilo dari lililovimba kama tumbo, wengi wanasema usiliguse litakaa lenyewe, ukweli ni kwamba limebeba maji na jipsam iliyolowa inaweza kushuka yote kwa mkupuo juu ya kitanda. Umeme ukishazimwa, toa watoto chumbani, weka ndoo, simama pembeni usikae chini yake, toboa kitundu kidogo kwa bisibisi maji yashuke taratibu. Utakuwa na kitundu cha kuziba badala ya dari zima la kununua.

Kuhusu kupanda juu usiku mvua inanyesha ili uweke turubai, naomba tu msipande. Bati lenye maji linateleza na hakuna tobo lenye thamani ya mgongo wako.

"Fundi akipaka saruji imeisha hiyo." Saruji haishikani na bati kwa sababu bati halitulii, mchana linapanuka usiku linajikunja. Bati la mita 6 likipata joto nyuzi 40 zaidi linarefuka karibu milimita 3, saruji haiwezi kuvutika hivyo kwahiyo inapasuka, maji yanapita kwenye ufa, na mbaya zaidi saruji inashikilia unyevu kwenye bati kutu ianzie hapo. Silikoni na tepu ya lami ni nzuri ila zinataka bati kavu na safi, kutu isuguliwe kwanza mpaka bati lionekane. Ukiona fundi anapaka silikoni juu ya kutu na matone ya mvua ujue analipwa kwa kazi ya wiki mbili. Kwenye masika katikati kubali kwamba unaweka cha kuzuia kwa muda, na umwambie mwenye nyumba wazi kwamba Juni pakikauka fundi anarudi kubadilisha msumari au bati. Na kama bati linabadilishwa ulizia geji, yaani namba ya unene wa bati: namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, 32 ni jembamba kuliko 28, watu wengi wanadhani kinyume chake.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikae kimya wiki tatu nzima wakati mwanangu anakohoa: "ukishalipa kodi umekubali nyumba ilivyo, paa ni shida yako mpangaji." Siyo kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, ina masharti ambayo yanahesabika yamo ndani ya pango hata kama mkataba wenu ni karatasi moja ya kuandika kwa mkono, isipokuwa kama mkataba wenyewe umesema vingine. Mojawapo ni kwamba nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa binadamu kuishi siku unapoingia na kiendelee kufaa muda wote wa pango. Lingine, kama umepangishwa sehemu tu ya jengo, labda vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji sita kama wengi wetu tunavyoishi, basi paa na kuta kuu za nje na mifereji mikuu ni juu ya mwenye nyumba kuvitunza. Na wewe una upande wako pia, kukaa na nyumba vizuri, ukivunja utengeneze, na kumruhusu aingie kukagua. Ndo maana mkataba usomwe kabla ya kusaini, hasa kile kipengele cha "matengenezo madogo madogo ni ya mpangaji", mwambie aandike palepale kwamba paa halimo. Sijaona mwenye nyumba mwema anayekataa kuandika hilo.

Ila haki hiyo haitembei yenyewe, na kumpigia simu kwa hasira usiku wa manane haisaidii. Mpigie asubuhi kwa adabu, halafu simu ikiisha tuma meseji ileile kwa maandishi, maana simu haina ushahidi. Mi nilituma hivi: "Shikamoo mzee. Tangu mvua ya Jumanne usiku paa linavuja chumba kikubwa na maji yanashuka karibu na taa, umeme nimezima. Picha na video hizi hapa. Naomba utume fundi wiki hii, au kama uko mbali niruhusu nilete fundi, nitakutumia makadirio yake kwanza tukubaliane ndo aanze." Alijibu baada ya siku mbili, akasema leta fundi. Hiyo meseji yake ndo ilikuja kuwa kila kitu.

Kwa sababu kuna na hili lingine, "tengeneza tu halafu ukate kwenye kodi." Bila makubaliano usikate. Ukitengeneza bila yeye kukubali anaweza kusema hajakutuma, na ukipunguza kodi kwa uamuzi wako anayeonekana amevunja mkataba ni wewe, hata kama paa ni lake. Akikubali kwa meseji hifadhi, chukua risiti za bati na misumari, fundi akuandikie alichofanya na alicholipwa, piga picha kabla na baada. Na akigoma kabisa kuna pa kwenda: anza kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wengi wanaishia hapo kwa sababu wote wanafahamiana, ikishindikana Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, siyo kutoa hukumu, na wenye kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kote watakuuliza ulimwambia lini na alijibu nini.

Doa la dari na fangasi ukutani, usikubali kupakiwa rangi kabla kuvuja hakujazibwa na ukuta haujakauka, litarudi tu. Fangasi wanasumbua sana wenye pumu na watoto wadogo, kwahiyo fungua madirisha, sogeza kabati na godoro mbali na ukuta, safisha kwa sabuni au jiki iliyochanganywa na maji, na jiki usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo, hewa inayotoka hapo ni sumu.

Wengine wanakimbilia nyumba mpya wakiamini haivuji. Hizi nyumba za kisasa ambazo paa limefichwa nyuma ya ukuta zinapendeza, lakini maji yote ya paa yanaingia kwenye mfereji mmoja uliojificha ndani, majani na vumbi vikiuziba maji hayana pa kwenda zaidi ya ndani kwako, kwahiyo uliza huo mfereji unasafishwa na nani na mara ngapi. Na ukikaa ghorofa, Kariakoo au Upanga, ukiona dari linadondosha hata siku isiyo na mvua, hiyo ni bafu au bomba la jirani wa juu, fundi wa paa utakuwa unamwita bure.

Sisi tunatafuta nyumba kiangazi kwa sababu ndo rahisi kuhama, na dalali anajua nyumba yoyote Januari ni kavu. Ukienda kuangalia inua macho kabla hujaangalia vigae: duara la rangi ya chai kwenye dari, kipande kimoja cha silingi bodi kipya kuliko vingine, rangi mpya kona moja tu, fremu ya mlango iliyovimba kwa juu, harufu ya unyevu kwenye kabati lililofungwa. Kama unaweza kusubiri, rudi siku inayonyesha. Na kabla hujatoa hela, dalali akiwa anaongea na simu, msalimie mama anayepika pale uani, umuulize kwa upole mvua zikinyesha wao huwa wanaweka beseni wapi.